Mistari Minne Niliyoifuta

Simu ilinikuta nyumbani kwetu Chanika, pale Handeni mjini, nikiwa bado na mswaki mdomoni. Aliyepiga ni mama msimamizi wa kisima ambacho siku mbili kabla tulikuwa tumekifungia kidhibiti cha pampu, kazi ya kwanza kuikamilisha peke yangu tangu nimalize chuo. Hakusubiri shikamoo.

"Injinia, tangi limekauka na pampu yako imenyamaza. Ng'ombe wanaingia saa nne."

"Taa ya kijani inawaka, mama?"

"Inawaka vizuri sana. Tuwanyweshe taa?"

Ilikuwa saa mbili na robo. Kutoka Chanika hadi kisimani, kule upande mkavu wa Handeni, ni karibu saa nzima kwa pikipiki kama mchanga haujajaa njiani. Zamu za pale zimeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa tangi, kila boma na siku yake na saa yake. Mifugo huswagwa kutoka mbali ili ifike saa hiyo hiyo, si kabla wala baada, kwa sababu makundi mawili yakikutana kwenye birika moja kuyatenganisha ni kazi ya mchana mzima. Boma likikosa maji kwenye zamu yake halina pa kusubiri. Nyuma yake kuna jingine linakuja.

Nilikwenda nimekumbatia kompyuta kifuani, nikipanga sababu. Waya umekatika. Panya. Betri. Nimekosea anwani ndani ya programu. Hii ya anwani ndiyo niliyoirudia njia nzima, kwa sababu ndiyo iliyonitisha tangu mwanzo.

Kidhibiti chenyewe hakikuwa kitu kikubwa. Juu ya tangi kuna boya. Maji yakishuka, boya linashuka nayo, na waya unapeleka habari hiyo kwenye mguu mmoja wa chipu iliyo ndani ya sanduku. Programu yangu ikiiona habari hiyo, inawasha pampu. Tangi likijaa, inazima. Mtoto wa darasa la tano angeielewa.

Ugumu ulikuwa katika kuuona huo mguu. Nilikuwa nafanya kazi kwenye karakana ndogo ya Korogwe, na bodi tulizokuwa nazo, zile kompyuta ndogo za kukaa ndani ya sanduku, zilikuwa na mfumo wa zamani usio na njia ya kawaida ya kuuliza mguu ule una hali gani. Mwenye karakana, ambaye tulimwita fundi tu, alianzia kwenye kutengeneza redio na hakuwahi kukaa darasa la chuo. Alinipa kurasa tatu za kitabu cha chipu, fotokopi iliyofifia, akasema, "Nenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu."

Chuoni tulifundishwa kinyume. Programu ya kawaida haigusi kumbukumbu halisi ya mashine. Mfumo huigawia eneo lake, huipa anwani za bandia, na programu huishi humo ikiamini dunia inaishia hapo. Sasa naambiwa nitumie mamlaka ya juu kabisa ya mashine, nifungue faili moja la pekee ambalo ndani yake imo kumbukumbu yote, nichague anwani halisi, niombe kipande chake kiunganishwe na programu yangu, kisha nisome na kuandika humo mwenyewe. Na baadhi ya anwani hizo si kumbukumbu hata kidogo. Ukisoma namba iliyopo pale, unasoma waya. Ukiandika moja, kitu kinanguruma nje. Nilikaa siku nzima na kidole juu ya kitufe. Ukikosea tarakimu moja unaweza kuwa umeandika katikati ya mfumo wenyewe, mashine ikaganda. Nilimwambia fundi hofu hiyo.

"Ikiganda si unaizima?" alisema.

Ili nijue kinachoendelea, niliweka mistari minne ya kuandika kwenye kioo cha kompyuta. Programu ikizunguka inasema: naangalia boya, tangi limejaa, tangi limepungua, nawasha. Tulijaribu karakanani kwa ndoo ya maji na boya la mkononi. Ilitii mara ishirini. Niliijaribu mara ishirini kwa sababu mara ya kumi na tisa sikuiamini.

Fundi alipita nyuma yangu akasoma kioo. "Msomi, programu yako inaongea kuliko kondakta wa basi la Tanga. Kule kisimani nani atakaa aisikilize?"

Niliona aibu. Asubuhi ya kwenda kufunga, gari likipiga honi nje, nilifuta ile mistari minne. Kisha nikamwagiza mkalimani, yaani ile programu inayogeuza nilichoandika kuwa lugha ya mashine, aifanye kazi yangu iwe nyepesi na ya haraka kadiri anavyoweza. Nikanakili kwenye bodi nikapanda gari. Sikujaribu mara ya ishirini na moja. Nilikuwa nimefuta maneno tu, na maneno hayawashi pampu.

Siku hiyo ya kufunga, tangi lilikuwa limejaa, kwa hiyo pampu ilikaa kimya kama inavyotakiwa. Tulipeana mikono. Swichi ya zamani, ile ya kuinua na kushusha kwa mkono, tuliing'oa tukaondoka nayo.

Nilipofika kisimani, mchanga ukiwa umenichelewesha njiani, ng'ombe walikuwa wamekwisha kufika. Walizunguka birika kavu wakilamba saruji, na wengine walikuwa wamesimama tu vichwa vikiwa chini. Mwenye mifugo, mzee mrefu mwenye shuka la bluu, alikuwa amesimama kando ya ng'ombe wake. Nilimwamkia. Aliitikia, akanitazama, akatazama kompyuta.

"Dawa iko humo?"

"Ndiyo, mzee," nilisema, na papo hapo nikatamani ningesema sijui.

Sikuwa na wazo lolote. Nilifanya lile ambalo kila mtu hufanya: nikazima sanduku, nikawasha tena. Pampu ikanguruma. Maji yalianza kupanda tangini, na muda si mrefu yakawa yanakimbia birikani, na ng'ombe wakayavamia kwa kelele. Mama msimamizi alinipiga mgongoni. Mimi nilikuwa naitazama ile taa ya kijani. Sikubadilisha kitu. Kwa nini imekubali?

Ng'ombe walikunywa, walitosheka, wakaanza kutawanyika. Pampu iliendelea. Tangi likajaa na pampu ikaendelea. Maji yakaanza kumwagika kutoka juu ya tangi, yakishuka ukutani juu ya majina ya maboma.

"Injinia!" mama alipiga kelele. "Mwanzo ilikataa kuamka, sasa inakataa kulala?"

Nikazima, nikawasha tena. Safari hii ilikaa kimya. Tulifungulia maji birikani ili tangi lipungue. Boya likashuka, nililiona kwa macho yangu likishuka. Kimya. Nikazima, nikawasha: ikanguruma.

"Kwa hiyo nikiizima na kuiwasha kwa mkono inafanya kazi," mama alisema polepole, kama anayefundisha. "Basi hii ni swichi yetu ya zamani, mwanangu. Ila hii ina shahada."

Mzee alicheka kwa pua. Lakini hakuondoka. Wenzake walikuwa wameshaanza kuwakusanya ng'ombe, naye akaja akasimama karibu na jiwe nililokalia.

"Binti, swali langu ni moja. Zamu yangu nyingine ni Jumanne. Nije?"

Nilimwambia nitahakikisha.

"Sikuulizi utafanya nini. Nikitoka hapa nina njia mbili. Nikishika malisho ya huku, Jumanne nakutegemea wewe. Nikishika ya kule, nawapeleka mtoni, mwendo wa siku mbili, na wapo ambao hawatafika. Lazima nichague leo, kabla jua halijapinda. Nije au nisije?"

Niliunganisha kompyuta na bodi, nikairudisha mistari minne ili nione programu inadanganywa wapi. Ikaanza kusema: naangalia boya, tangi limejaa, naangalia boya, tangi limejaa. Tukafungulia maji. Tangi limepungua. Nawasha. Pampu ikanguruma. Likajaa, ikazima. Tukarudia. Ikatii tena, haina kosa hata moja.

Nikaifuta ile mistari. Ikakataa.

Nikairudisha. Ikatii.

Nakumbuka niliangalia huku na huku, kama mtu anayetaniwa. Nilidhani nimechoka. Nilidhani jua. Nilihesabu upya anwani kwenye fotokopi, tarakimu kwa tarakimu kwa sauti, na anwani ilikuwa sahihi. Ingekuwa na kosa ningefurahi. Ningeweza tu kuiacha mistari ibaki na kuondoka, na mama alipendekeza hivyo hivyo: "Kama inapenda kuongea, iache iongee." Lakini ningemwambia nini mzee? Kwamba ng'ombe wake watakunywa Jumanne kwa sababu mashine inapenda kuongea? Kitu kilichopona bila sababu kinaweza kuugua bila sababu.

Nilitembea hadi kwenye kichuguu ambapo mtandao unapatikana, nikampigia fundi Korogwe.

"Nikiiangalia inafanya kazi," nilimwambia. "Nikiacha kuiangalia inaacha."

"Umekula?"

"Fundi, nakwambia kweli."

Nikamweleza yote. Nikasikia mtu akigonga bati upande wake. Kisha akauliza, "Hiyo namba ya boya, ndani ya programu yako nani anaibadilisha?"

"Hakuna. Inabadilishwa na boya."

"Boya umeliandika kwenye programu?"

"Hapana. Liko juu ya tangi."

"Sasa mkalimani analijuaje?"

Niligeuka kulitazama tangi.

"Yeye anasoma ulichoandika, basi. Kaona unaangalia namba, unaiangalia tena, unaiangalia tena, na hapo katikati hakuna anayeigusa. Na wewe umemwambia afanye haraka. Kwa hiyo kakusaidia: anaiangalia mara moja, anaiweka kichwani, na kuanzia hapo anakujibu kutoka kichwani mpaka kiama. Ikiwashwa tangi limejaa, kwake limejaa milele. Ikiwashwa limepungua, limepungua milele."

"Na mistari yangu?"

"Ukimtuma aandike kwenye kioo, hajui huko alikopita nani kagusa nini. Akirudi inabidi aangalie upya. Kuna neno linawekwa mbele ya namba kama hiyo, la kumkataza asikumbuke. Aende akaone kila mara. Chuoni hawakuwaambia?"

Walituambia. Lilikuja kwenye mtihani. Nililieleza kwa sentensi mbili safi nikapata alama zote, na sikuwahi kufikiri kwamba lina uhusiano wowote na ng'ombe.

Niliporudi, nililiweka lile neno. Nikafuta mistari minne, nikaiacha programu bubu kama siku ya kufunga. Tangi wakati huo lilikuwa limejaa. Mama akafungulia maji, na sote watatu tukakaa kwenye kivuli cha tangi kusubiri.

Kusubiri kulikuwa kugumu. Kioo kilikuwa kitupu. Kila baada ya dakika nilitaka kurudisha hata mstari mmoja, niulize tu inaona nini, na nilijua nikiuliza sitajua tena kama ni neno lililoiponya au swali langu. Nilikalia mikono yangu. Mzee alikuwa anatazama kivuli cha nguzo ya tangi, ambacho kilikuwa kimeshaanza kurefuka upande wa mashariki.

Pampu ikanguruma. Mama akafunga koki, tangi likajaa, pampu ikazima yenyewe.

"Tena," alisema mzee.

Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu alisimama, akakung'uta shuka.

"Haya. Nije?"

Kichwani nilikuwa na orodha nzima: betri, mawingu, panya, neno lenyewe ambalo nililielewa nusu saa iliyopita kwa simu. Nilifungua mdomo nianze kumsomea.

"Walete," nilisema.

Aliwapigia mluzi wenzake, wakashika malisho ya huku. Nilibaki nikiwatazama, nikitaka kumkimbilia nimwambie asubiri kidogo, tujaribu mara ya nne.

Jumanne nilifika saa tatu na nusu asubuhi. Pampu ilikuwa kimya, taa ya kijani inawaka. Nilisimama mbele ya sanduku nisijue ninachokiona. Pampu iliyonyamaza kwa sababu kazi imekwisha na pampu iliyonyamaza kwa sababu imekwama hazina tofauti yoyote kwa aliyesimama chini. Nilipanda ngazi ya chuma hadi juu ya tangi, nikachungulia. Maji yalikuwa yamefika ukingoni. Hata hivyo hilo halikuwa jibu. Tangi lingeweza kuwa limejaa tangu ile Jumamosi niliyoondoka.

"Mama, jana watu walichota?"

"Walichota sana," alijibu kutoka chini. "Na iliamka, na ikalala. Shuka huko kabla hujaanguka nikapata kesi."

Sikushuka. Vumbi la ng'ombe lilikuwa limeshaonekana. Waliingia kwa mstari, wakainamisha vichwa, na nilikaa kule juu nikitazama boya likishuka kidogo kidogo, kiganja hapa, kiganja pale, hadi nikasikia chini yangu mngurumo. Nilitazama kama mzee amesikia. Alikuwa amenipa mgongo, anamvuta sikio ndama aliyeingia birikani kwa miguu yote minne, na alikuwa anamtukana.