Mikono Iliyotoka Kwenye Kinu

Nilizaliwa mwembamba na nikakua hivyo hivyo. Nilikula samaki wale wale waliokula wenzangu, na ubwali ule ule wa unga wa muhogo, lakini chakula kilipita mwilini mwangu bila kuacha kitu. Nilipofika umri wa kuoa, nilikuwa na desturi ya kwenda kuoga mbali na bandari, kwenye matete, ili vijana wenzangu wasizione mbavu zangu.

Miaka ile ya hamsini, bandari yetu ya Kashikishi ilijaa malori. Wazungu wa biashara walinunua samaki wa ziwa letu la Mweru na kuwapeleka kwenye migodi, upande wetu na upande wa Kongo. Kijana aliyekuwa anajiandaa kuoa alitafuta kazi ya kupakia magunia ya samaki wakavu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuposa binti wa Nchelenge, hapo jirani. Wazazi wake walinikubali bila maneno mengi, nami sikujua kama walikuwa wameniangalia vizuri.

Asubuhi moja nikaenda kwenye duka la mzungu mmoja kuomba kazi hiyo. Kapita wake, msimamizi wa wapakiaji, alikuwa mtu wa ng'ambo ya Kongo, wa Pweto, mwenye shingo nene. Nyumbani tulisema Kibemba, lakini sokoni pale kila mtu alisema Kiswahili cha Kongo.

“Weye mutoto, unatafuta nini hapa?” akaniuliza.

“Kazi ya kupakia, bwana.”

“Kupakia? Na ile mikono?” Akanishika juu ya kiwiko, vidole vyake vikazunguka na kukutana. “Kwenu banakulaka nini? Moshi?”

Wapakiaji wakacheka. Mbele ya duka palikuwa na mizani ya kupimia magunia, imening'inizwa kwenye boriti. Kapita akachukua kamba ya gunia akasema lazima anipime kwanza. Nilidhani ndivyo kazi inavyoanza. Nikainua mikono mwenyewe ili apitishe kamba makwapani. Wapakiaji wawili wakaninyanyua, wakaniangika kwenye ndoano, miguu ikaning'inia.

“Bantu, mukuye muangalie!” kapita akapiga kelele. “Gunia ya samaki inamupita!”

Wakaja kweli. Wakaja wauza chumvi, wavuvi, wanawake wenye vikapu vichwani. Mzungu akatoka mlangoni akimenya chungwa, akatabasamu, akarudi ndani. Katikati ya wanawake wale nikamwona mama mkwe wangu mtarajiwa.

Kwetu mwanamume hakutani macho kwa macho na mama wa mchumba wake. Akimwona njiani, anakwenda kando, anainamisha uso, mama apite. Mimi sikuwa na pa kwenda. Nilikuwa nazunguka polepole kwenye ile kamba, na kila nilipozunguka uso wangu ulirudi kwake. Yeye ndiye aliyenihurumia. Akaivuta kanga yake usoni, akaondoka haraka.

Waliponishusha, kapita akanipigapiga mgongoni. “Enda kwanza, ukule. Ukinona, ukuye.”

Kunona ni neno tunalolitumia kwa mbuzi.

Kuanzia siku ile nikala kama mgonjwa anayelazimishwa dawa. Nikala karanga zilizopondwa, nikala mayai ambayo mama alitaka kuyaacha yaanguliwe. Mvuvi mmoja akaniambia mafuta ya kambale hujenga mwili, nikawa nakunywa kikombe kizima kila asubuhi, moto moto, nikijiziba pua. Jumapili moja mafuta yale yakanitoa kanisani mbio katikati ya wimbo. Nikatapika ukutani nje, nao ndani wakaendelea kuimba, lakini niliona watoto wamejipanga dirishani. Baada ya wiki nyingi za mambo hayo, kilichoongezeka kilikuwa tumbo tu. Mikono ilibaki ile ile.

Nikajaribu mawe. Kule kwenye matete palikuwa na mawe ambayo wavuvi huyafunga kwenye nyavu ili zizame. Niliyanyanyua juu ya kichwa na kuyashusha, nikayanyanyua tena. Mwanamke aliyekuja kuteka maji alinitazama kwa muda, akaacha ndoo yake, akaenda kumwambia mama kwamba mwanawe ameingiwa na kitu.

Mama alilia. Dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita yaya, hakulia. Alikuwa ameolewa jirani na alikuja mara moja kuniona.

“Wataka nini hasa?” akaniuliza.

“Nguvu, yaya. Na mwili.”

Akakunja mkono wake mbele yangu. Nilikuwa nimeuona mkono ule maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuutazama. Ulikuwa umejaa kuanzia begani, mgumu kama mti. Naye alikuwa mwembamba kama mimi, shingo ile ile, miguu ile ile ya korongo.

“Huu umetoka kwenye kinu,” akasema. “Njoo kwangu utwange.”

“Mimi mwanamume, yaya.”

“Basi rudi kwenye mawe yako.”

Nilikwenda. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na uzio wa matete, na ndani yake kinu kirefu cha mti. Aliniwekea muhogo uliolowekwa na kukaushwa, akanipa mchi. Siku ya kwanza viganja vilichubuka, na usiku ule nilishindwa hata kuinua mkono kujikuna. Siku ya pili akanipa tena. Kila nilipokuwa ndani ya uzio ule, sauti ya mwanamume yeyote njiani ilinifanya nisimamishe mchi hewani nisubiri apite. Yaya alikuwa akisema kwamba kinu chake kimeanza kuwa na haya. Lakini baada ya kutwanga alinilisha vizuri, samaki na maharage, akanikataza mafuta ya kambale.

Siku moja mama mkwe akaja kuazima chekecheo. Aliingia bila kupiga hodi, kama wanawake wanavyotembeleana. Nilikuwa kifua wazi, unga hadi kwenye nyusi. Mchi ukaniponyoka. Naye papo hapo akanigeuzia mgongo, akaongea na yaya kana kwamba mimi sipo.

“Mwambie huyo anayetwanga,” akasema, “auache mchi uanguke wenyewe. Anausukuma. Ataumia mabega.”

Akachukua chekecheo akaenda. Nilikaa chini kando ya kinu nikafunika uso. Nilisema sitarudi tena. Kesho yake nilirudi, nikauacha mchi uanguke wenyewe.

Mvua zilipokwisha, nilikuwa na mabega. Sikuwa mnene, na sijawahi kuwa, ila mikono ilikuwa imejaa, na nikabeba gunia kwenye duka la mzungu mwingine bila mtu kunicheka. Tukafunga ndoa. Kwenye sherehe, vijana walinishika mkono wakaniuliza nimekula nini, au nimepiga kasia mpaka kule mbali Puta. Yaya alikuwa anapita na mtungi wa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi.

“Kasia gani?” akasema kwa sauti, amejaa furaha. “Hii mikono ni ya kinu changu! Ametwanga msimu mzima, unga wake ni laini kuliko wangu!”

Wanawake wakapiga vigelegele. Wanaume wakashikana mabega kwa kicheko. Yaya alikuwa ananisifu, niliona machoni mwake, nami nilitamani ardhi inifunike na suti yangu ya kuazima. Toka siku ile pale bandarini waliniita Bamayo, jina la heshima la mwanamke mzima, na nililivaa jina hilo kwa miaka.

Mke wangu alipopata mimba ya kwanza, harufu ya muhogo ilimwangusha. Hakuweza kutwanga, na yaya alikuwa amehamia mbali, upande wa Mofwe. Nyumba yetu ilikuwa mpya, bila uzio, imetazama njia ya kwenda ziwani. Nilikitoa kinu nje mchana, nikaanza. Wavuvi walipita na nyavu zao.

“Mwapoleni, Bamayo!” wakanisalimu.

“Eya mukwai,” nikaitika, uso chini, masikio yanawaka. Nikatwanga mpaka muhogo ukaisha, nikachekecha unga, nikasonga ubwali. Mke wangu alikula kidogo, akaniomba samaki zaidi.