Sahihi ya Castory

Violeth wa Miyuji alikuwa na akili, tusimwonee. Karani wa mahakama kwa miaka tisa, na sasa anasomea shahada ya uzamili ya kriminolojia, hiyo elimu ya uhalifu. Utafiti wake uliuliza kwa nini watu wema huua wezi kwa mawe. Akaenda kuulizia kijijini kwa mjomba wake, ng'ambo ya Gulwe, ambako yowe likipigwa kila mtu hutoka, na kila aliyetoka hurusha jiwe, hata moja. Hivyo hakuna wa kumtaja mwenzake polisi.

Chuo kilitaka kila anayehojiwa atie sahihi kwenye fomu ya kukubali. Watu ishirini na tisa walizungumza, lakini kalamu waliikimbia. Castory, fundi baiskeli, peke yake ndiye aliyesaini, tena kwa mbwembwe, uwanjani, watu wakitazama.

"Mwaka jana mwizi alipouawa hapa, mimi sikurusha," alisema. "Niogope nini?"

Loo, Violeth! Alifurahi kama mkulima aliyeona mvua. Macho ya watu hakuyaona.

Kesho yake asubuhi yowe likapigwa. "Msaliti! Kauza majina yetu polisi!" Violeth alipofika mbio, Castory alikuwa chini, taya limevunjika, meno vumbini, sikio likining'inia. Violeth alipiga kelele mpaka sauti ikakauka: jamani, ile ni karatasi ya chuo tu! Nani amsikilize? Mjomba Methusela akamkamata mkono wa kulia, akamtia jiwe kiganjani.

"Rusha, mpwa wangu. Usiporusha, wewe ndiye unayefuata."

"Mjomba, nakuomba..."

"Rusha!"

Castory alimwona. Akamnyooshea mkono, vidole vimepondwa. Violeth aliogopa kufa, basi, hakuna elimu hapo. Akarusha. Jiwe lilimpata juu ya jicho, ule mkono ukaanguka. Wenzake wakamalizia kwa majembe.

Miezi minne baadaye, mjini Dodoma, msimamizi wake, Daktari Emiliana, alifunga tasnifu akitabasamu.

"Kazi safi, Violeth. Limebaki swali la kamati ya maadili. Kuna mtu yeyote aliyedhurika kwa sababu ya utafiti huu?"

Violeth aliitazama ile fomu moja yenye sahihi, imebanwa juu ya nyingine zote, zilizoandikwa "alikubali kwa mdomo". Mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya meza.

"Hakuna, Daktari."

"Hongera sana. Haya, tia sahihi hapa."

Akautoa mkono, akasaini.