Karani wa makaburi na vigingi alivyoving'oa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande haujakauka, karani wa makaburi ya manispaa tayari amepiga magoti kwenye safu ya kumi na saba. Mkononi ana kamba yenye fundo kila baada ya mita moja. Anahesabu mafundo kwa sauti, anang'oa magugu, anaandika kwenye daftari la shule. Wachimba makaburi wamempachika jina la Kamba, naye hanuni.

"Wangenipa baya zaidi, ningeitika," anasema.

Ana miaka hamsini na tisa, na amebakiza miezi kumi na mmoja astaafu. Miezi hiyo anaitumia kutafuta makaburi yaliyopotea mikononi mwake. Ukisema tu "yaliyopotea", anakukatiza. "Hayakupotea yenyewe. Niliyapoteza mimi."

Zamani kila kaburi hapa lilikuwa na kigingi cha chuma chenye namba, na namba hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye kitabu kikubwa ofisini. Miaka tisa iliyopita akaja muuzaji wa programu ya kompyuta, viatu vinang'aa, maneno matamu kama asali. Akaonyesha ramani kwenye skrini: bonyeza jina, kaburi linawaka jekundu. Kamba akanasa. Kwa miezi saba aliingiza majina 6,340, akidonoa kwa kidole kimoja.

Kisha likaja kosa lenyewe. Wafyeka nyasi walilalamika kwamba vigingi vinavunja visu vya mashine yao. Kamba akawajibu kwamba kompyuta inajua kila kitu, ng'oeni tu. Vikang'olewa vyote kwa siku nne, yeye mwenyewe akisimamia, vikaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kitabu kikatupwa stoo, mchwa wakajilia. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, lakini nani huwasikiliza wahenga siku anapoletewa kompyuta mpya?

Programu ilikuwa na leseni ya kulipiwa kila mwaka. Mwaka wa tano bei ikapanda mara tatu, manispaa ikasuasua, na Jumatatu moja skrini ikaandika: "Leseni imekwisha. Wasiliana na muuzaji." Simu ya muuzaji haikupatikana. Ofisi yake ilikutwa imegeuka saluni.

Majina yote yamo ndani ya mashine mpaka leo, ila faili halikubali kufunguliwa na programu nyingine yoyote. Kamba alilipa mafundi watatu, mmoja wao akaondoka na nusu ya mshahara wa mwezi. "Wote walisema lile lile," anakumbuka. "Mzee, mwenye ufunguo ni yule aliyekuuzia."

Hapo ndipo alipopaswa kusema ukweli. Hakusema.

"Watu wakija kuniuliza, karani, baba yangu yuko wapi? Na mimi ndiye niliyewatangazia kwamba kompyuta haikosei! Niliona haya. Nikaanza kubahatisha."

Miaka miwili na nusu iliyopita alikuja mama mmoja mfua nguo. Mumewe alizikwa yeye akiwa kazini mbali, na risiti ya mazishi ilipotelea kwa shemeji yake. Alichokuwa nacho ni tarehe tu. Kamba akajifanya kutazama skrini, akatoka naye, akamwonyesha tuta moja karibu na ukuta. "Ni hili, mama."

Mama yule alilia, kisha akamshika Kamba mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru. "Afadhali angenizaba kofi," anasema Kamba.

Tangu siku ile mama huja kila Jumamosi na kidumu cha maji. Amepanda maua, amepanga matofali pembeni, na hukaa akimsimulia mumewe habari za wiki nzima.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa kompyuta alikuja kumzika baba yake, akaomba namba ya kaburi. Kamba akajiumauma, mwisho akakiri yote. Mwalimu hakumcheka. Alimwonyesha programu huria, ambayo watu huiandika kwa pamoja na kuiacha wazi kwa kila mtu, haina leseni ya kukatwa, na jedwali lake hufunguka kwenye kompyuta yoyote.

"Kwa hiyo ni ya bure?" Kamba aliuliza kwa wasiwasi.

"Si bure tu, baba. Hata mimi na wewe tukifa, mwingine atafungua asome."

Tangazo likabandikwa getini: wenye ndugu zao hapa walete risiti za mazishi. Kila risiti ina tarehe, safu na namba, na kwa kuwa makaburi huchimbwa kwa mfuatano, tarehe huziba mapengo. Mpaka sasa amerejesha 2,118.

Mwezi uliopita familia moja ilileta risiti ya mama yao. Kamba akapima, na fundo la mwisho likaangukia kwenye maua ya mfua nguo. Siku chache baadaye akapata risiti mbili za safu ya kumi na saba, namba 21 na namba 23, za siku moja kabla na siku moja baada ya tarehe ya yule mume. Katikati palikuwa na kaburi moja, magugu kiunoni.

Jumamosi tatu mfululizo mama alikuja, na Kamba akajificha stoo. "Mtu mzima, nimechutama nyuma ya toroli!" Mkewe ndiye aliyemtoa huko. "Mume wangu, unaogopa wafu au walio hai?" alimuuliza. "Mficha uchi hazai. Nenda kaseme."

Leo ni Jumamosi. Saa mbili kamili mama anaingia getini na kidumu chake. Kamba anamfuata kabla hajafika ukutani, anamleta safu ya kumi na saba, anamwambia yote akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi.

Mama anageuka kutazama maua yake kule ukutani.

"Kwa hiyo yale yote niliyokuwa nikisimulia, nilikuwa namwambia nani?"

"Mama wa watu, mama. Wanawe walikuwa wakimtafuta."

"Na mume wangu, huku alikuwa anakuja nani?"

Kamba anatazama rundo la magugu aliyoyang'oa tangu asubuhi. "Hakuna mtu."

Mama hapigi kelele. Wala hasemi yameisha.

"Na hiyo programu yako mpya nayo ikifa?"

"Jedwali liko ofisini, liko kwa mwalimu, na nimelichapa kwenye karatasi. Nakala yako hii hapa. Na vigingi vinarudi vyote, mama. Sistaafu nikiwa nimeacha kaburi hata moja la kubahatisha."

"Basi anza na cha hapa. Nakutazama."

Kamba anachukua nyundo na kigingi chenye namba 22, anakipigilia kichwani mwa kaburi mpaka jasho linamtoka. Mama anaweka kidumu chini, anainama, anakishika kigingi kwa mikono miwili, anakivuta kwa nguvu zake zote. Kinatikisika kidogo.

"Piga tena," anasema.