Aliyepita Chini ya Msahafu

Juzi nilikuwa kwa shangazi yangu, mtaa wa Bawshar, tukinywa kahawa, taarifa ya habari ikamwonesha Mwarabu aliyeko angani, kakaa huko miezi. Wajukuu wake hawakuinua hata macho kwenye simu zao. Siku hizi, rafiki yangu, mtu kwenda angani ni kama kwenda Dubai. Lakini shangazi aliweka kikombe chini, akanitazama, na mie nikajua kawaza Sib, ukumbi wa nyumba ya bibi yangu, Ramadhani ile aliporuka Mwarabu wa kwanza kwenda angani.

Shangazi alikuwa kitinda mimba wa Bibi. Mwaka ule alikuwa kapata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea uhandisi. Baba yangu, kaka yake, kakubali, Bibi kakataa katakata, na bila ya radhi yake shangazi asingeondoka. Elimu Bibi hakuichukia. Alipohama Unguja kuja huku kwa Waarabu alimwacha mama yake bandarini, akamwambia watakutana karibuni, na hawakukutana tena. Tangu hapo safari ya mtu yeyote ilimtia homa. Hatoki mtu nyumbani kwenda mbali mpaka yeye asimame mlangoni, auinue msahafu juu, na msafiri ainamishe kichwa apite chini yake.

Basi alasiri ile tumekusanyika mbele ya televisheni kumngoja kijana huyo aruke, midomo imetukauka kwa saumu, jikoni kunanukia sambusa na tambi za iliki. Majirani walikuwepo, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Watu wakabishana: atafunga au atakula? Mwalimu akasema huyo ni msafiri, karuhusiwa kula. Na kibla je, akiwa juu huko ataelekea wapi? Bibi aliuliza moja tu, nani kampitisha yule kijana chini ya msahafu. Hakuna aliyejua.

Akenda kutawadha. Akarudi, akasimama nyuma ya televisheni na kuuinua msahafu juu yake kwa mikono miwili. Mwalimu alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Chombo kikawaka, kikapanda kioo chote, kikapita chini ya mikono ya Bibi, kikatoweka. Shangazi akenda kumshika viwiko.

Siku zote alizokuwa juu yule kijana, Bibi alimwombea kila baada ya sala, mtoto wa watu asiyemjua. Idi ikaingia naye bado hajashuka. Tulivaa nguo mpya, tukala halwa, lakini Bibi hakuchangamka hata kidogo. Siku tuliyomwona kwenye televisheni anatembea kwa miguu yake juu ya ardhi, Bibi alilia waziwazi. Kisha akamgeukia shangazi, aliyekuwa kakaa chini anamenya vitunguu thomu.

"Mama yake huyu kamwachia kapanda mbinguni," akamwambia. "Mie nna nini cha kukuzuilia Uingereza? Nenda, mwanangu. Nimekupa radhi yangu yote."

Shangazi akaondoka, akapita chini ya msahafu kama wengine. Mwaka wa tatu Bibi akatutoka. Kwetu maiti hangoji ndege, alizikwa siku ile ile, na shangazi kule Uingereza alipata khabari kwa simu.

Shangazi kafanya kazi miaka mingi mtaa wa Al Khuwair, akisimamia mitambo ya mawasiliano ya setilaiti, na watu wanamheshimu. Mie nnajivunia, nisiseme uongo. Nyumba ya Sib imevunjwa, pamejengwa maduka. Wajukuu Kiswahili wanakisikia, ila wanakujibu kwa Kiarabu. Sidhani kama yupo hata mmoja aliyewahi kuinamisha kichwa mlangoni kabla ya safari.

Siku ile shangazi aliporudi na shahada yake tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege. Njia nzima alizungumza vizuri, akiuliza khabari za huyu na yule. Tulipofika Sib alitutangulia. Mlango ulikuwa wazi, na alijua vyema kuwa mwenye nyumba hayupo tena. Hata hivyo alisimama pale nje, akaita, "Hodi, mama."

Tukatazamana. Kila mtu alimngoja mwengine. Mwisho nikajibu mie, karibu. Akaingia, akakaa sakafuni kando ya mizigo yake, akalia.