Siku Jeshi Langu Lilipovamia Mahari ya Watu

Kuna boma moja chini ya kilima, nje ya mji wa Bungoma, ambapo hadi leo watoto wakiniona wananiita Jenerali, na si kwa heshima. Heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana kwa wengine mimi huwa uchi kabisa, na hiyo si kweli.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa na kiduka cha video hapa Kitale, napiga harusi na matanga kwa ile kamera ya kanda ya kubeba begani, basi nikaingiwa na ndoto ya kutengeneza sinema, na si sinema yoyote, ule mchezo wa kuigiza wa zamani tuliosoma shuleni, wa mababu waliopigana na askari wa mkoloni kwenye ngome yao (kitabuni watu wanasimama wakiongea tu, vita vyenyewe vinasimuliwa na mjumbe anayeingia akihema). Nikasema mjumbe wa nini bana, kwa sinema vita tutavionyesha. Nikakusanya vijana kutoka Kwanza na Endebess, tukapakana masizi, tukachonga mikuki ya miti, tukapanda kile kilima kwa sababu kina mawe yanayofanana na ngome.

Sasa, aliyepaswa kuwa jemadari akaamka na malaria. Nikafanya uamuzi mdogo tu: si nivae mimi. Nikajifunga ngozi ya mbuzi juu ya kaptula nyekundu ya kuchezea mpira, nikamwachia kamera Nekesa, dada tuliyefanya naye kazi dukani, nikawaambia wote kwamba hakuna kusimama mpaka mnisikie nikisema kata.

Tukashuka mbio tukipiga kelele. Mteremko ulikuwa mkali kuliko ulivyoonekana, miguu ikaacha kuwa yangu, na nilipotaka kusema kata ikatoka hewa tu. Jeshi langu, kwa utiifu ambao sijauona tena maishani, likanifuata, tukapitiliza mpaka kwenye ua wa michongoma (ngozi ya mbuzi ikabaki hapo), tukatokea katikati ya boma la watu.

Siku hiyo Mama Nasimiyu na mumewe, Mzee Wekesa, walikuwa wamepokea wageni kutoka Cheptais waliokuja kuzungumza mahari ya binti yao. Wazee wamevaa makoti, chai imemiminwa, halafu kutoka mlimani wanashuka wanaume weusi kwa masizi na mikuki mkononi. Hakuna aliyeuliza swali. Viti vya plastiki vikapinduka, wenyeji na wageni wakaingia kwenye mahindi pamoja, na mimi nikasimamishwa na meza ya chakula, kifua wazi, mchuzi wa kuku mpaka kwenye nywele.

Aliyebaki pale mezani ni Mama Nasimiyu, na mwiko.

"Nani amewatuma?"

Nikamweleza kwamba tunapiga sinema. Akanitazama kutoka juu mpaka kwenye kaptula.

"Wageni wangu wamekimbia, kijana. Huu ukwe ukivunjika leo, huyo utamwambia nini?"

Nasimiyu, binti mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na gauni jipya. Hakulia wala hakunitukana, aliangalia tu mahindi yakitikisika. Huo mtazamo ulinichoma kuliko michongoma.

Nikaingia shambani kuwaita. Kila nikisema rudini, ni mchezo tu, mahindi yanatikisika mbali zaidi, mpaka Nekesa, aliyekuwa ameshuka na kamera, akaniambia polepole, "Weka mkuki chini kwanza." (Ati bado nilikuwa nao.)

Mwishoni mwa shamba, kwenye mtaro, nikakuta wazee wawili wamelala kifudifudi chini ya koti moja: Mzee Wekesa, na Mzee Ndiema, mjomba wa bwana harusi. Baadaye niliambiwa hao wawili walikuwa wamebishana ng'ombe tangu asubuhi mpaka mmoja akatishia kurudi kwao.

"Vita imeisha?" akauliza Mzee Ndiema.

"Imeisha, mzee. Haikuwa vita. Nisamehe."

Wakatazamana, Mzee Wekesa akaanza kucheka mpaka akakohoa. Mzee Ndiema hakucheka. Alikung'uta udongo kwenye lile koti, akamvisha Mzee Wekesa.

"Huyu amenifunika na koti yake akijua tunauawa," akasema. "Mimi nitabishana naye ng'ombe tena?"

Kabla ya jioni walikuwa wamepatana. Jeshi langu liliosha sufuria zote, na mimi nikaomba msamaha mbele ya koo mbili nimejifunga leso ya Mama Nasimiyu yenye maua.

Na sinema? Nekesa hakuwa amezima kamera. Tulipoionyesha Kitale ukumbi ulijaa, na kipande ambacho watu walidai kirudiwe ni kile cha wanakijiji wakikimbia (ukitazama vizuri, katika vita vya mababu kuna chupa ya chai na viti vya plastiki). Nasimiyu alikuja na mumewe, akacheka mpaka akamshika bega.

Nimepiga sinema nyingine tangu hapo, na kuigiza nimeapa sirudii. Kabla ya kuanza nashuka kilima mwenyewe, polepole, nimevaa suruali, nabisha hodi kila boma na kuuliza kama wana wageni. Vita nawaachia wenye pumzi.