Magodoro ya Kuazima

Mgeni wa mfadhili alikuja Kilolo na kazi moja tu: kuona kwa macho yake wanapolala wajawazito wetu wakisubiri kujifungua. Akiiona shida, ruzuku ya kujenga nyumba ya kusubiria itatoka. Asipoiona, basi tena.

Shida ilikuwepo. Walilala kwenye stoo nyuma ya zahanati, juu ya mikeka, na baridi ya huku si ya mchezo. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa njiani, kwenye utelezi wa masika, na hakulia. Safari hii aliwahi mapema.

Mimi niliandika maombi kwa niaba ya kikundi chetu cha wanawake. Niliwaambia wenzangu mpaka koo likakauka: paacheni palivyo! Wakaitikia kwa adabu, haya, haya, kisha wakafanya kama walivyolelewa.

Nilipofungua mlango wa stoo mbele ya mgeni, nilikuta si stoo niliyoijua. Mikeka haikuwepo. Palikuwa na magodoro manene, mashuka yaliyodariziwa, pazia dirishani. Shuka moja nililifahamu vizuri. Mama mkwe wangu hulitoa kabatini akija mchungaji. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi, naye alisimama pale na kitenge kipya, uso umejaa furaha.

"Kamwene, mgeni wetu! Karibu, jisikie nyumbani," alimsalimia kwa Kihehe chetu.

Kwetu mgeni haonyeshwi dhiki. Viti huazimwa kwa jirani, na mwenye nguo zilizochakaa huambiwa apite uani.

Mgeni alizungusha macho. "Mbona pazuri kuliko mlivyoandika?" Akafunga begi lake. "Na wajawazito wenyewe?"

"Wamepumzika," alisema mama mkwe.

Nikinyamaza, nyumba imekwenda. Nikisema, nimemwita mama wa mume wangu mwongo mbele ya mgeni, na mkamwana wa Kihehe hafanyi hivyo. Hasira ilinipanda, nikamwonea na huruma, vyote kwa pamoja.

"Mama, unisamehe," nikasema. Nikamgeukia mgeni. "Magodoro tumeazima kwa heshima yako. Wajawazito wenyewe wamefichwa. Twende ukawaone."

Nilimpeleka kwenye jiko la jirani. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye gogo ndani ya moshi, miguu imevimba, wenzake wawili kando yake.

"Dada, tumeambiwa tusitoke!"

Mgeni aliinama akamwuliza analala wapi.

"Pale stoo, chini. Magodoro yameletwa leo."

Mgeni alikaa naye muda mrefu, moshi ukimtoa machozi. Aliondoka bila kutuahidi kitu.

Mdogo wangu alijifungua wiki chache baadaye, salama, akitokea kwenye mkeka uleule. Ruzuku ilitoka baadaye sana, na nyumba ikajengwa. Siku ya kuifungua mama mkwe ndiye aliyekata utepe. Nilimpigia magoti mbele ya watu wote.

"Kamwene, mama."

Alinipita. Akamsalimia mtoto wa mdogo wangu niliyekuwa nimembeba mgongoni, akamshika shavu, akaingia ndani.

Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini ndani wajawazito walikuwa wamelala vitandani, na sifuti hata neno moja nililolisema siku ile.