Siku Niliyotafsiri Kadi Kuwa Karata

Haya, nitawasimulia mwenyewe, maana nimechoka kuusikia mkasa wangu kinywani mwa shoga yangu Mwanamisi, ambaye kila harusi anautia chumvi, na mara ya mwisho nilimsikia akisema eti baba yangu alizimia (baba hakuzimia, aliinama tu kidogo akashika kichwa). Ndiyo, ni mimi. Ni mimi niliyesimama mbele ya wazazi wa Msambweni na vijiji vyake, mwenyekiti wa chama akiwa kiti cha mbele, nikawatangazia kwa sauti safi kabisa kwamba chuo kinataka watoto wao wakafunzwe karata. Aibu niliipata, sikatai, na ilinikaa mwilini hata jina langu la Mejumaa likasahauliwa nikawa Bi Karata, lakini nisikilizeni mpaka mwisho ndipo mcheke, kwa sababu mie siombi radhi kwa mtu.

Bendera mpya ilikuwa haijapauka bado. Chuo kimoja cha ng'ambo ya feri kilikuwa kimefungua idara ya mashine za hesabu, hizi ambazo leo mnaziita kompyuta na kuzitia mfukoni, na wakati ule moja ilikuwa kubwa kama kabati la nguo na ilipewa chumba chake peke yake kama bibi harusi. Sasa idara hiyo ilikosa wanafunzi wa upande wetu, kwa kuwa wazazi wetu hawakuwa tayari kumvusha mtoto maji kwa ajili ya kitu wasichokijua, basi mkuu wa idara, Mzungu mmoja mrefu mwenye miwani mizito, akaamua kuja mwenyewe: atoe maelezo ukumbini, awaambie watu kazi gani zinapatikana mtu akihitimu, kisha hapo hapo awaandikishe wanaotaka. Sharti lilikuwa moja, kwamba mzazi atamke kwa kinywa chake mbele ya mwalimu kuwa ameridhia, na siku hiyo ikipita, basi, masomo yanaanza bila wewe.

Na mie nilitaka, jamani. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimerudi kijijini kwetu Munje, nasuka ukili na mama huku posa zikibisha hodi, na kila posa ikija nahisi mlango unafungwa. Baba yangu alikuwa mwadhini wa msikiti wetu, mtu mpole ila mgumu kwa mambo ya dini, na nilipomwomba aliniambia hataki kusema ndiyo wala la mpaka asikie kwa masikio yake kwamba jambo lenyewe lina kheri. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kimeegemea maelezo ya siku ile. Yakiwa mazuri, ninavuka feri. Yakiwa mabaya, nina posa ya mtu mwenye duka na meno ya dhahabu.

Mkalimani alikuwa awe karani mmoja kutoka Kwale. Pikipiki yake ikapasuka gurudumu njiani, watu wamekaa, Mzungu anatazama saa, na mwenyekiti akasimama kuuliza kama yupo hapo anayejua Kiingereza cha kutosha. Mwanamisi (huyu huyu anayenisema leo) akanifinya kiunoni, nami nikainua mkono. Huo ndio uamuzi wenyewe, mkono tu, nao ningeukalia kusingekuwa na mkasa wala jina.

Mwanzo nilikwenda vizuri, wallahi. Mzungu alisema maneno mawili ya kuamkia, mimi nikayafanya marefu, nikawapa shikamoo wazee, nikawauliza hali za majumbani, nikawaombea dua wagonjwa, na nikamsikia bibi mmoja akisema mtoto wa mwadhini kafunzika. Hapo kichwa kikavimba. Mzungu akasema mashine yao haisahau, nikatafsiri kwamba mashine yao haisahau, na mzee mmoja akajibu taratibu kwamba asiyesahau ni Mwenyezi Mungu peke yake. Nikaongeza papo hapo, bila kuulizwa na mtu, kwamba mashine haisahau kwa idhini ya Mungu, na mzee akaridhika. Nikajiona mkalimani wa serikali.

Ndipo Mzungu akatoa mkobani bunda la vikaratasi vigumu, vyembamba, vyenye vitundu vidogo, vya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, akainua kimoja, akasema kwa lugha yao kwamba hizi ndizo kadi, na kazi yote ya vijana wenu itakuwa ni kuzitoboa kadi matundu, kisha mashine inayasoma.

Sasa hebu nieleweni kabla hamjanihukumu. Miaka ile ukisema kadi kwetu umetaja kitu kimoja tu, kadi ya chama. Kila mwanamume mle ukumbini alikuwa nayo mfuko wa kifuani, imekunjwa ndani ya leso, na usipokuwa nayo hata kuku humuuzi kwa amani. Na mwenyekiti mwenyewe yuko pale, hatua chache tu na goti langu. Mimi msichana nisimame niseme Mzungu amekuja kuzitoboa kadi, tena muda mfupi tu baada ya Wazungu kuondoka? Ningelala ndani. Nikafikiri upesi, nikasema moyoni, Mejumaa, wewe umesoma, tafuta neno lingine. Nikalipata. Nikajipongeza.

Nikasema, "Kazi watakayofunzwa vijana wenu ni ya karata."

Wakanitumbulia macho. Nilidhani wanastaajabu kwa uzuri wa jambo, kwa hiyo nikaendelea kumfuata Mzungu maneno yake yote, kwamba watakaa na karata tangu asubuhi hadi jioni, kwamba mashine inakula karata na kutoa majibu ya mambo ambayo mtu hayajui, kwamba bandari na benki zinawatafuta watu hawa kwa mshahara mzuri, na kwamba (hapa ndipo nilipojimaliza) wasichana ndio hodari zaidi kwa karata kwa sababu ya wepesi wa vidole.

Nyuma kule mama mmoja akasema astaghafirullah, na neno hilo likapita viti kwa viti mpaka likafika mbele. Kamari na ramli pamoja, siku moja, chuo kimoja, na anayeyatangaza ni binti wa mwadhini. Nikamtafuta baba kwa macho nikamwona ameinama ameshika kichwa, hivyo ndivyo ilivyokuwa, mwambieni Mwanamisi.

Nikashtuka, nikasema jamani samahanini, si karata, nilitaka kusema kadi. Mwenyekiti akainuka. Hakupiga kelele, yule mzee hakuwa na haja ya kelele, aliniuliza tu polepole, "Kadi gani hiyo inayotobolewa?" na mkono wake ukaenda wenyewe mfukoni, nikaona wanaume wote wanaishika mifuko yao. Nikasema hapana, si kadi hiyo, hii ni karata. Nikasikia astaghafirullah nyingine. Nikarudi kwenye kadi. Nilikuwa kama mtu aliyesimama juu ya siafu, kila nikihamisha mguu naumwa upya.

Mzungu maskini hakujua lolote. Aliona watu wanaulizana, akadhani hawajaelewa vikaratasi vinafanyaje kazi, na akaamua kuwaonyesha kwa vitendo. Sasa, baadaye nilikuja kujua kwamba kadi zile kabla hujazitia kwenye mashine ni lazima uzipinde kidogo na kuzipepea zisigandane, halafu uzigonge mezani zikae sawa, nami mwenyewe nimefanya hivyo maisha yangu yote ya kazi. Lakini siku ile sikujua, wala hakujua mtu mle ndani. Walichokiona ni Mzungu analishika bunda kwa mikono miwili, analipinda, analipepea trrrrr, analikata, anagonga mezani tap tap, sawasawa na wale wanaochanga karata kule mangweni kwenye tembo la mnazi. Kijana mmoja mtovu wa adabu akasema kutoka dirishani, "Na mzungu wa nne ndiye huyo kasimama." (Kwa msiocheza, mfalme wa karata kwetu huitwa mzungu wa nne, na msiniulize nimejuaje.)

Ukumbi ukavunjika. Wengine wanacheka hadi machozi, wengine wanakusanya watoto na viatu waondoke, mwenyekiti anataka kujua nani alimpa ruhusa Mzungu huyu kuja kufundisha kamari, na mie kwa kutaka kuokoa jambo nikanyoosha mkono kumzuia Mzungu asizichange tena, nikamgonga kiwiko, na bunda lote likaruka likamwagika sakafuni. Nikapiga magoti kuziokota, leso imenianguka begani, nalia na kamasi, na nilipoinua uso mbele yangu kulikuwa na miguu ya baba.

Nilijua amekuja kunichukua. Nilijua mlango nao umefungwa, na nikaanza kumwona mwenye duka na meno yake.

Baba aliinama akaokota kikaratasi kimoja. Akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha akatazama vitundu. Watu walipoona mwadhini ameshika karata wakasimama pale pale walipo. Kisha akawageukia, na nitayakumbuka maneno haya hata mkiniamsha kaburini:

"Mimi karata nazijua. Nilizicheza ujana wangu wote kule mashamba ya miwa, kabla Mungu hajanirudisha. Hii haina kopa, haina shupaza, haina uru wala pao. Hii si karata."

Hapana aliyekuwa anajua. Mama alijua, labda. Mimi niliyelala nyumba moja naye sikujua, na mle ndani walikuwamo watu waliokuwa wakiamka alfajiri kwa sauti yake tangu wakiwa wachanga, nikawaona wanamtazama kana kwamba amevua kanzu. Na yeye alijua anachokitoa. Angeweza kunishika mkono tukaondoka na jina lake likabaki safi, aibu ikawa ya mtoto, na aibu ya mtoto husahaulika. Akaona afadhali ailipie kwa aibu yake. Kisha akampa mwenyekiti kile kikaratasi akishike mwenyewe, aone kama kina jogoo wa chama au mhuri wake, na mwenyekiti akakipekua, akakohoa, akasema anaona ni karatasi tu.

Hata hivyo watu wengi walikwenda zao. Meza ya kuandikisha iliwekwa nje kwenye kivuli cha ukuta, na foleni yake ilikuwa mimi. Mzungu, jasho linamtoka, akaniambia kwa upole kwamba zipo kozi tatu, ya kutoboa kadi, ya kuendesha mashine, na ya kuipangia mashine mambo ya kufanya, na kwamba wasichana huandikwa ile ya kwanza. Asubuhi ya siku ile ningesema ahsante. Lakini mtu aliyekwisha kuadhirika mbele ya Msambweni nzima, na kumwadhiri babake, na kupiga magoti na kamasi, huyo utamtisha na nini tena? Nikamwambia nataka ya tatu. Akasema ile inataka kichwa kizuri. Nikamwambia kichwa ninacho, ni ulimi ndio ulionisaliti, na mashine haitaniuliza tafsiri. Akacheka, akamtazama baba. Baba hakujua Kiingereza hata neno, ila alimwona binti yake anabishana, akasema, "Anachokitaka huyo, mwandike hicho. Nimeridhia."

Niliandikwa peke yangu. Alasiri ile baba alirudi Munje akaadhini kama kawaida, na sauti haikutetemeka, ingawa wapo waliohamia msikiti mwingine na wapo waliokuwa wakimwuliza barazani, eti mwadhini, leo kopa au shupaza? Mimi walianza kuniita Bi Karata nikiwa bado sijavuka feri, nami niliitika, na nimekula mshahara wa karata hizo mpaka nimestaafu, na hao waliokusanya watoto wao siku ile walikuja baadaye mmoja mmoja kuniuliza kama chuoni kuna nafasi.

Likizo yangu ya kwanza nilimletea baba kadi moja iliyoharibika, kwa mzaha. Aliipokea akaitia mfukoni mwa kanzu. Miaka mingi baadaye, siku ya hitima yake, msahafu wake ulipofunguliwa kadi ile ikateleza ikaanguka mkekani, imelainika pembeni kwa kushikwashikwa, ndiyo aliyokuwa akiwekea alama pale alipoishia kusoma. Mwanamisi akaiokota, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakosa la kusema. Nikamwambia airudishe pale pale.

Kwa hiyo nyinyi mnaoniambia kila siku kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mie nawasikia na siwafuati. Dole nimejikwaa mara nyingi na halijanifikisha popote. Nisimamisheni tena kesho ukumbini, mnikalishie mwenyekiti pale mbele, na nikikosa neno nitasema karata.